Kabla hujafungua chupa ya enaji na kuingia jimu, piga hesabu ya miligramu za kafeini kwanza

Jimu yetu ya Kireka, pembeni ya Kampala, haina hata kioo. Vyuma vingine ni sementi iliyomiminwa kwenye makopo ya rangi, benchi moja inayumba, lakini ikifika saa kumi na mbili jioni watu wamejaa mpaka mlangoni na karibu kila wa pili ameshika chupa ya enaji, vile vinywaji vya kuongeza nguvu. Mwenye boda anakunywa kwa sababu ameamka saa kumi alfajiri, askari wa usiku anakunywa kwa sababu akitoka hapa anaenda lindo, na kijana wa chuo anakunywa kwa sababu amewaona hao wawili wakinywa. Mimi sio daktari, nawasimamia watu mazoezi tu, ila hii kitu imenifundisha adabu mwenyewe.

Mwaka juzi tumbo lilinisumbua nikajinunulia antibaiotiki ya cipro, si unajua tunavyofanya. Siku ya tatu nikajisikia mzima, jioni nikapiga enaji ya nusu lita nikapanda mlima wa Muyenga mbio mara nne. Kupanda nilipanda vizuri sana, yaani nilijiona bingwa. Saa tatu usiku nimelala chali, moyo unarukaruka kama samaki kwenye karai, nikingoja utulie hautulii, mpaka saa tisa usiku macho makavu. Asubuhi jirani yangu nesi hakuniuliza nimekimbia kilomita ngapi, aliniuliza nimemeza nini. Hapo ndio nikaanza kusoma lebo, na niliyojifunza nawaandikia hapa.

Kitu cha kwanza, elewa unachomeza kinafanya nini

Ukiwa macho siku nzima mwili unatengeneza kitu kinaitwa adenosini, inajikusanya kwenye ubongo na kukaa kwenye viti vyake, na kadiri viti vinavyojaa ndivyo usingizi unavyokubana. Kafeini inawahi hivyo viti na kuvikalia. Uchovu haujaondoka, uko nje ya mlango unangoja zamu yake, ndio maana kafeini ikiisha unadondoka kama gunia la muhogo.

Sasa hiyo adenosini haikai kwenye ubongo peke yake. Kwenye moyo inasaidia kupunguza kasi ya mapigo, na ni mojawapo ya vitu vinavyofungua mishipa inayolisha moyo wenyewe unapofanya kazi ngumu. Kwa hiyo ukinywa kafeini alafu ukakimbia, mazoezi yanapandisha adrenalini, kafeini inaipandisha juu yake tena, presha inapanda, na breki imekaliwa. Kwa mtu mwenye moyo mzima na dozi ndogo hakuna shida, mwili unazoea. Shida inakuja dozi ikiwa kubwa, au moyo ukiwa na kasoro ambayo mwenyewe hujui, au kukiwa na kitu kingine tumboni.

Na tusidanganyane, kafeini inasaidia kweli. Imechunguzwa miaka mingi kwa wakimbiaji na waendesha baiskeli, inaongeza ustahimilivu asilimia chache na inafanya kazi ngumu isikike nyepesi. Zamani ilikuwa na kikomo kwa wanamichezo, ikaondolewa kwenye orodha ya vitu vilivyokatazwa mwaka 2004. Sijaja kukwambia utupe kahawa.

Geuza chupa, soma nyuma

Acha picha ya simba na radi, geuza. Tafuta neno kafeini na uone imeandikwa ni miligramu ngapi kwa kila mililita 100. Alafu angalia chupa ni mililita ngapi. Watu wengi wanasoma ile namba ndogo wanafikiri ndio ya chupa nzima, hapo ndipo wanapotea. Mfano lebo ikisema 32 kwa kila mililita 100 na chupa ni 500, hiyo ni 160. Kopo dogo la Red Bull la mililita 250 lina 80. Kama lebo haisemi kabisa kafeini ni kiasi gani, mimi nairudisha kwenye friji ya mwenye duka, sinunui kitu cha kubahatisha.

Ukiona guarana imeandikwa, jua hiyo ni kafeini pia, inatoka kwenye mbegu ya mmea wa Brazili, na wakati mwingine inahesabiwa pembeni.

Hapohapo soma na sukari. Nyingi zina kama gramu 11 kwa mililita 100, kwa hiyo nusu lita ni gramu 55. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipite kama gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku, na ingekuwa vizuri ashuke mpaka 25. Chupa moja imekumaliza na bado hujanywa chai ya asubuhi yenye vijiko vinne.

Alafu jumlisha siku nzima. Hapa watu wa Uganda tuna jambo letu. Kahawa nyingi tunayolima hapa ni robusta, na robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, ile ya Mlima Elgon na Rwenzori. Kikombe cha kawaida cha kahawa ya kuchuja wanakihesabu kama miligramu 95, lakini hiyo ni hesabu ya arabika. Ukisaga robusta ya Masaka mwenyewe ukaichemsha ikawa nyeusi ti, usijihesabie 95. Chai ya majani kikombe kimoja weka 40 hadi 50. Soda ya kola ya mililita 330 ina kama 35. Na zile mwanyi za kutafuna ambazo Baganda wanamkaribisha nazo mgeni, nazo ni kahawa, ukitafuna safari nzima kutoka Masaka hadi Kampala umeshakunywa kahawa bila kikombe.

Poda za kabla ya mazoezi ndizo zinazonitia hofu zaidi. Kijiko kimoja cha ndani ya kopo mara nyingi kinabeba 150 mpaka 300, na vijana wameona kwenye simu mtu anaimwaga mdomoni kavu bila maji, basi nao wanafanya hivyo. Inaingia yote kwa mpigo mmoja, na unaweza kupaliwa nayo pia. Kafeini tupu ya unga ndio usiguse kabisa, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani inasema kijiko kimoja cha chai cha huo unga ni sawa na vikombe kama 28 vya kahawa. Nani ana mkono wa kupima kitu kama hicho kwa macho?

Dozi yako ipime kwa kilo zako

Kikomo kinachotumika na wakubwa wa Ulaya na Marekani kwa mtu mzima mwenye afya ni kama miligramu 400 kwa siku nzima, na Ulaya wanasema kwa mara moja usizidi 200. Mama mjamzito 200 kwa siku nzima, basi. Watoto waachieni maziwa, na ukinunua enaji ya Ulaya yenye kafeini nyingi utaona imeandikwa kabisa kwamba haifai kwa watoto na wajawazito.

Kwa mazoezi, wataalamu wa lishe ya michezo wanazungumzia miligramu 3 mpaka 6 kwa kila kilo ya mwili, ila hao wanazungumza na wanariadha waliopimwa. Mimi watu wangu nawaanzishia moja hadi mbili kwa kilo. Dada mwenye kilo 55, anza na 55 mpaka 110. Bosi mwenye kilo 80, 80 mpaka 160. Ukiangalia vizuri utaona huyo dada akimaliza chupa ya 160 ameshakaribia tatu kwa kilo, wakati bosi kwa chupa hiyohiyo yuko mbili tu. Chupa haijui wewe ni nani. Nusu chupa inatosha watu wengi, funga kifuniko nyingine iache kesho, haiozi.

Kupanda juu zaidi hakuongezi kasi. Ukifika miligramu 9 kwa kilo unaongeza mikono kutetemeka, kichefuchefu, wasiwasi na kukimbilia chooni, mbio zinabaki zilezile.

Angalia saa

Kafeini inafika kileleni kwenye damu ndani ya dakika 30 mpaka 60 hivi, kwa hiyo inywe kama saa moja kabla, usinywe ukiwa umeshashika chuma ukadhani haijafanya kazi ukaongeza ya pili. Hilo la kuongeza ya pili ndilo limewaingiza wengi matatani.

Kutoka ndio inachelewa. Kwa wastani inachukua kama saa tano ili nusu yake iondoke. Ukinywa 160 saa kumi na moja jioni, saa nne usiku bado una 80, na saa tisa usiku bado una 40. Unasema umelala lakini usingizi ni wa juujuu, asubuhi umechoka, unanunua nyingine. Ninaowafahamu wanaosema "enaji siku hizi hainishiki" wengi wao wana deni la usingizi. Kama mazoezi yako ni ya jioni, mimi ningesema saa nane mchana iwe mwisho wa kafeini, jimu nenda na maji.

Muda huo unabadilika kwa watu. Mwenye kuvuta sigara anaiondoa haraka, mjamzito inamkalia muda mrefu sana, na anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango inamkalia zaidi ya kawaida. Kwa hiyo usijipime kwa kipimo cha rafiki yako.

Uliza tumbo lina nini kingine

Hapa ndipo nilipoumia, nitakaa kidogo.

Cipro, ile antibaiotiki tunayonunua kama peremende, inazuia ini kuvunja kafeini. Maana yake chupa moja inakaa mwilini kama umekunywa zaidi ya moja. Hicho ndicho kilichonikesha usiku wa Muyenga, wala haikuwa uchawi.

Dawa za malaria ndio kabisa. Moyo baada ya kila pigo unahitaji muda kidogo wa kujichaji kabla ya pigo linalofuata, kama betri. Kuna dawa zinazorefusha huo muda, kwinini ni mojawapo, na dawa kama Coartem nazo zina tahadhari kwa watu wenye shida hiyo. Muda ukirefuka kupita kiasi mapigo yanaweza kuvurugika vibaya. Na enaji zenyewe? Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walitoa majibu ya watu 34 wazima waliokunywa kama mililita 950 za enaji ndani ya saa moja, na saa nne baadaye muda huo wa kujichaji ulikuwa umerefuka kwa milisekunde 6 hadi 7 na kitu ukilinganisha na siku waliyokunywa kinywaji cha kuigiza kisicho na kafeini. Kidogo, ndio, na walikuwa wazima, hawajameza kitu. Sasa wewe uko siku ya pili ya dozi ya malaria, umetapika, chumvi za mwili zimeshuka, unataka kurudi jimu na chupa mkononi. Banange! Maliza dozi, kula, lala, ukishapata nguvu ndio urudi kwa kutembea kwanza.

Vidonge vya mafua vyenye pseudoefedrini vinasukuma moyo kama kafeini inavyousukuma, usichanganye. Mairungi pia, ile kathinoni yake inapandisha mapigo na presha, na nimewaona watu wanatafuna huku wanateremshia enaji, eti wanakesha. Na waragi kwa enaji ni mtego mwingine, pombe inakulewesha lakini kafeini inakunyima kujua umelewa, unaendelea tu kumimina.

Alafu kuna vinywaji vya "nguvu za kiume" vinavyovaa nguo ya enaji. Mwishoni mwa 2018 mamlaka yetu ya dawa, NDA, ilitoa tahadhari kuhusu kimoja kutoka Zambia kilichokutwa na sildenafili ndani, dawa kabisa, bila lebo kusema. Mzee mwenye dawa za moyo za aina ya naitreti akinywa kitu kama hicho presha inaweza kuporomoka akaanguka. Ukiona kinywaji kinakufanyia mambo ambayo sukari na kafeini haziwezi kufanya, acha.

Nani akae mbali mpaka apimwe

Mwenye presha ya 140 kwa 90 kwenda juu, apime kwanza, kupima presha famasi nyingi za mtaani wanafanya kwa hela kidogo. Mwenye sukari. Mwenye ndugu aliyekufa ghafla akiwa kijana, hata kama kijijini walisema amerogwa au alizama mtoni huku anajua kuogelea, hiyo historia mwambie daktari. Na yeyote aliyewahi kuzimia katikati ya mazoezi, sio baada, katikati.

Kwa hapa kwetu naongeza kundi moja ambalo watu hulisahau. Ugonjwa wa moyo unaotokana na koo bado upo sana Uganda. Mtoto anaumwa koo, anapona, anaumwa tena, viungo vinavimba vinahama, hakuna anayempa penisilini, na miaka inapita huku valvu za moyo zinaharibika kimyakimya. Anakuja kuwa kijana wa miaka 22, mwili mzuri, anashangaa kwa nini pumzi inamwishia ngazi ya pili. Ukiwa na historia ya hivyo, enaji isubiri. Taasisi ya Moyo ya Uganda iko pale Mulago, wanapima umeme wa moyo na wanaupiga picha, na hospitali kubwa nyingi nazo zina mashine ya ECG, hiyo ya kupima umeme wa moyo. Kipimo cha ECG ni dakika chache, hakichomi, hakiumi.

Jifunze mapigo yako kwa wiki moja

Asubuhi kabla hujatoka kitandani, vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba, hesabu sekunde 30 zidisha kwa mbili, andika. Kawaida ya mtu mzima ni 60 hadi 100, wakimbiaji wanashuka hata 50 au chini. Fanya siku saba bila enaji, upate wastani wako. Ukianza kutumia endelea kupima. Asubuhi ikiwa imepanda zaidi ya kawaida yako kwa mapigo 10 au zaidi, mwili haujapumzika, siku hiyo punguza mzigo na kafeini ruka.

Wakati wa mazoezi usiamini hisia peke yake, maana kafeini inadanganya, kwa kipimo cha moja hadi kumi, kazi ya nane unaisikia kama sita. Kadiria kilele chako kwa kuchukua 208 kutoa umri mara 0.7. Mtu wa miaka 30 ni 187. Huna saa ya kupima? Jaribu kuongea. Kama sentensi nzima haitoki na ulipanga mbio nyepesi, sio nyepesi hizo.

Na siku ya mbio kubwa, mfano marathoni ya Kampala ya Novemba, usijaribu kitu kipya. Nimeona mtu anapewa kopo asilolijua pale kwenye mstari, kilomita ya sita anatapika mbele ya polisi.

Dalili za kusimama hapohapo

Kifua kubana au kuuma, hasa yakienda kwenye bega au taya. Moyo kuruka bila mpangilio huku kichwa kinazunguka. Giza machoni. Pumzi kukata kuliko kazi unayofanya. Simama, kaa chini, mwite mtu, nenda hospitali siku hiyohiyo, na chupa ibebe waione. Ukizimia ukaamka, bado unaenda.

Mwenzako akianguka, haitiki na hapumui au anavuta zile pumzi za kukoroma mojamoja, hiyo sio kupumua. Usimmwagie maji, usimpe soda, na tafadhali usimpakie katikati ya boda. Mmoja apige simu na kutafuta gari, mwingine apige magoti aweke viganja katikati ya kifua, abonyeze kwa nguvu sentimita 5 mpaka 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, aache kifua kirudi juu kila mara. Mkichoka badilishaneni, msisimame. Pale kwetu tulifanya mazoezi ya hii kwa gunia la maharage, tukacheka sana, lakini sasa kila mtu anajua.

Unataka kupunguza?

Usikate ghafla. Aliyezoea chupa mbili kwa siku akiacha Jumatatu, Jumanne kichwa kitampasuka na atasema ni malaria. Maumivu yanaanza ndani ya saa 12 mpaka 24 na yanaweza kukaa siku kadhaa, hata wiki. Punguza nusu chupa kila baada ya siku tatu nne, weka chai mahali pake, kisha punguza chai.

Kwa mazoezi ya chini ya saa moja maji yanatosha, na kikombe cha bushera, ule uji wetu uliochachuliwa, au menvu (ndizi mbivu) mbili tatu kama saa moja kabla zinakupa nguvu ya kweli, ile ya kuchoma. Ukitoka jasho sana kwa zaidi ya saa moja, tengeneza yako: lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Ndio ileile ya kuhara, haina picha ya simba, kamulia limau ukitaka ladha. Chumvi ikizidi mwaga uanze upya.